Gundi ya Fundi Dohani

Wahenga waliosema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa hawakuwa wakimsema chawa tu. Walimjua chawa, bila shaka, na walijua kwamba ukimkandamiza kwa ncha ya kidole kimoja huteleza, hujificha kwenye mshono, kisha hurudi kukutafuna ukidhani umemmaliza. Sharti kucha mbili zikutane. Lakini wahenga hao walikuwa wakimsema pia mtu aliyejaliwa mke, ndugu na marafiki, kisha akipatwa na jambo zito hufunga mlango na kusema, "Niacheni, haya ni yangu." Huyu wa hadithi yetu alikuwa fundi wa viatu, na ukaidi wake ulikuwa mgumu kuliko soli alizozipiga nyundo.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara. Katikati palikuwa na chuma cha kugongea viatu na kigoda kilichochakaa upande mmoja. Ukutani zilipangwa rafu za viatu vilivyosubiri wenyewe, vingine vikiwa vimesubiri hata vikasahauliwa. Karibu na dirisha ilikuwapo cherehani ya kushonea ngozi, na kwenye cherehani hiyo alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Ndiye aliyembandika fundi jina la Dohani, nalo likamganda. "Nyumba za wenzetu dohani iko juu ya paa," alizoea kuwaambia wateja. "Yetu imekalia kigoda."

Jina hilo halikuwa la uzushi. Gundi ya viatu haitaki pupa wala haitaki uzembe. Unaipaka kwenye soli, unaipaka kwenye kiatu, kisha unaviacha vyote viwili wazi mpaka umajimaji uishe. Ukivibana mapema, soli itafunguka; ukichelewa, havitashikana kabisa. Bwana aliyemfundisha kazi alimwonyesha kuipima kwa kuigusa kwa mgongo wa kidole, lakini Dohani aliona njia hiyo inampaka uchafu. Akabuni yake. Akishapaka, alitoka mlangoni, maana gundi ile na moto havipatani, akawasha sigara. Sigara ikiisha, gundi iko tayari. Soli moja, sigara moja. Aliishi hivyo tangu ujana mpaka ndevu zikaota mvi, na alijisifu kwamba hakuna soli yake iliyowahi kumwaibisha mtu barabarani.

Siku moja aliinua robota la ngozi peke yake, ingawa shemeji alimwomba asubiri wasaidiane. Akahisi kitu kimechanika kinenani. Uvimbe ukajitokeza: akilala unarudi ndani, akikohoa unatoka, na Dohani alikuwa mtu wa kukohoa. Daktari alipompima alisema ni ngiri, na ngiri ile haikuwa na dawa ya kunywa wala ya kupaka. Ni kupasuliwa tu. Akamwonya pia kwamba siku uvimbe utakapotoka na kukataa kurudi, utumbo utanyongwa humo ndani, na hapo itakuwa kufa kupona.

Akapelekwa kwa muuguzi wa chumba cha maandalizi, ambako kila mgonjwa hupitia kabla ya upasuaji. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini isiyopanda hata ukimpandishia yako.

"Baba, sigara unavuta?"

"Kidogo."

"Kidogo cha mtoto au kidogo cha mtu mzima?"

Fundi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akajishika kinena kwa mikono miwili. Muuguzi aliandika jibu bila kuambiwa.

"Nisikilize, baba. Tukikupasua, tutakushona. Ukikohoa hivyo, kila kikohozi kinauvuta uzi wetu. Tena moshi unaunyima mwili hewa safi, na kidonda kilichonyimwa hewa hakifungi vizuri. Wewe mwenyewe ni mshonaji. Ungekubali mtu avute uzi kabla hujafunga fundo?"

"Nisingekubali."

"Basi kuanzia leo mpaka upasuaji, na baada yake, usivute. Tuna vibandiko vya kubandika mwilini, vya kutuliza hamu ya sigara. Mimi nipo hapa kila siku ya kazi. Na nyumbani, nani atakusaidia?"

"Mimi mwenyewe."

"Nimeuliza nani wa pili."

"Sikiliza, binti yangu," alisema fundi akivuta mabega nyuma, "mimi ni mwanamume. Nikisema nimeacha, nimeacha. Vibandiko wape wenye vidonda."

Akarudi nyumbani amepiga moyo konde. Aliisagasaga pakiti yake chini ya kisigino na hakumwambia mtu yeyote. Mkewe alijua tarehe ya upasuaji tu. Habari ya sigara hakuisikia. Mama huyo alikuwa amemsihi mumewe aache moshi miaka nenda miaka rudi, hata akachoka kusihi, na Dohani hakutaka sasa aonekane ameshindwa hoja.

Siku za mwanzo zilipita kwa nguvu ya kiburi peke yake. Mikono ilimtetemeka, usingizi ukampaa, akawa mkali kwa wateja, lakini alivumilia. Kilichomwangusha ni gundi. Bila sigara hakujua kusubiri. Alipaka, akasimama mlangoni mikono mitupu, akaona muda umekwenda kumbe haujakwenda, akabana. Haikupita siku nyingi karani mmoja akaingia karakanani kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi, soli yake imeachama.

"Fundi, umenitembeza peku mbele ya mkubwa wangu wa kazi!"

Dohani aliona haya kama aliyevuliwa nguo. Karani alipoondoka, alikwenda moja kwa moja dukani kwa jirani, mtu mnene mwenye bashasha aliyeuza kila kitu kwa rejareja, kuanzia sindano mpaka sigara moja moja. "Nipe moja," alisema. "Ni kwa ajili ya gundi." Kesho yake gundi ilihitaji tatu, na wiki haikwisha kabla gundi haijarudia hamu yake ya zamani. Sasa alivutia nyuma ya jengo, kando ya mtaro, kisha akatafuna karafuu na kunawa mikono kwa sabuni mpaka vidole vikasinyaa. Mtu mzima, baba wa watoto, akinyatia karakana yake mwenyewe kama mwizi.

Siku ya kupimwa kabla ya upasuaji ilifika. Muuguzi alimpa kifaa kidogo, mfano wa filimbi isiyolia, akamwambia apulize. Dohani alipuliza. Muuguzi akasoma namba, akakiweka kifaa mezani.

"Baba, umevuta leo asubuhi."

"Huo ni moshi wa jikoni."

"Jikoni kwenu mnapika sigara?"

Fundi akainamisha kichwa. Muuguzi alitoka kwenda kuzungumza na daktari, akarejea na tarehe nyingine. "Hatukuadhibu," alisema kwa sauti yake ile ile. "Tunaogopa kukulaza mezani ukiwa hivi. Uvimbe ukigoma kurudi kabla ya tarehe, usingoje, kimbilia hapa. Na safari ijayo usije peke yako."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alipofika nyumbani, mkewe akiwa ameshampangia nguo za hospitali kwenye mkoba, Dohani alisema, "Wameniahirisha. Mashine yao imeharibika." Mkewe akaziondoa nguo moja moja. Fundi aliumia kumwona akizikunja, lakini hakuumia kiasi cha kusema kweli.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Dohani iliishia kwenye sakafu ya karakana. Alikuwa nyuma ya jengo, sigara mdomoni, kikohozi kikamshika. Uvimbe ukatoka. Akausukuma kama alivyozoea, ukagoma. Alirudi ndani akijikokota ukutani, akalala chali kati ya vipande vya ngozi, jasho jembamba likimtiririka. Shemeji aliiacha cherehani ikizunguka yenyewe, akamwinua magoti, akamwekea robota la ngozi chini ya miguu, akampigia dada yake simu. Mke alifika mbio. Wakati wanatafuta gari, uvimbe ukalegea, ukarudi polepole. Dohani akafumba macho. Alikuwa ameogopa, tena ameogopa sana. Aliona jinsi watoto wake wangeletewa habari.

Mkewe hakukaa kitako. Alijifunga kibwebwe pale pale mlangoni.

"Hii mashine yao mbovu leo itanijua. Mtu anakufa, wao wanasema mashine! Mdogo wangu, twende."

"Twende, dada. Muuguzi wao mimi ndiye nitakayeanza naye. Nikichoka, unanipokea."

"Msiende," alisema fundi kutoka sakafuni.

"Wewe nyamaza, pumzika."

"Nasema msiende! Wao hawana kosa. Hakuna mashine iliyoharibika. Niliambiwa niache sigara, nikasema nimeacha, nikapimwa, nikakutwa sijaacha. Kosa ni langu."

Shemeji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akaufunga bila kusema kitu. Mke alimtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Nilizikunja zile nguo," alisema, "nikimwomba Mungu aitengeneze mashine ya watu."

"Nisamehe, mama watoto."

"Sigara nilishaizoea. Uongo sijauzoea, na sitaki kuuzoea." Alijifuta machozi kwa kiganja, akakaza kibwebwe upya. "Haya, inuka polepole. Hospitali tunakwenda vile vile. Tofauti ni kwamba hatuendi kugomba."

Muuguzi alipowaona watatu mlangoni, hakuuliza kilichotokea. Alivuta viti. Daktari alimpima fundi, akathibitisha kuwa utumbo uko salama, akaiacha tarehe mpya ya upasuaji kama ilivyo. Ndipo muuguzi alipouliza swali ambalo fundi hakuwahi kujiuliza.

"Ukiiwasha sigara, baba, unakuwa unafanya nini?"

Kwa soni, Dohani akaeleza habari ya gundi. Alitarajia kuchekwa. Shemeji alicheka, kwa kuwa hiyo ndiyo haki ya shemeji, lakini muuguzi hakucheka.

"Kumbe umepigana na sigara ukamwacha gundi nyuma yako anakupiga mgongoni. Sikiliza. Kuna zoezi la pumzi ambalo kila mgonjwa wetu hulifanya kabla ya kupasuliwa, ili kifua kijisafishe. Unavuta hewa kwa pua, unaishikilia, unaitoa kwa mdomo polepole kama anayepoza chai. Unarudia mpaka utulie. Hilo ulifanye kila unapopaka gundi. Na vibandiko safari hii utabandika."

"Nitabandika."

"Nani wa pili?"

Mke na shemeji walinyosha mikono pamoja, kama wanafunzi.

Kazi ikaanza. Asubuhi ya siku iliyofuata walichukua vipande vya ngozi vilivyobaki, wakavipaka gundi kana kwamba ni viatu vya mteja. Fundi alisimama mlangoni akivuta pumzi na kuitoa. Shemeji akakanyaga pedali akimhesabia kwa sauti. Kipande cha kwanza kilifunguka. Cha pili kilishikana upande mmoja. "Ongeza pumzi," shemeji aliamuru, "usituharakishe, hukimbizwi." Kisha Dohani akakumbuka alichofundishwa ujanani na kukidharau. Aligusa gundi kwa mgongo wa kidole, haikunata. Akabana, akagonga kwa nyundo, akampa shemeji avute. Shemeji alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kipande hakikufunguka.

"Imeshika!" alipiga kelele, na fundi akacheka bila kukohoa sana.

Mke kwa upande wake alimvamia jirani muuza duka. "Kuanzia leo, huyu humuuzii hata njiti ya kiberiti."

"Mama, biashara haichagui mteja," jirani alijitetea.

"Sawa," shemeji alidakia kutoka mlangoni. "Na sisi karakana yetu inachagua. Hizo ndara zako utazishona mwenyewe kwa sindano unazouza."

Jirani aliinua mikono juu kusalimu amri. Watu walidhani ni mzaha, mpaka siku ambayo hamu ilimshika Dohani vibaya. Mteja alikuwa amemtukana, kibandiko kilikuwa kimebanduka kwa jasho, na kila mpita njia alionekana kwake kama anavuta. Alijikuta mbele ya kaunta.

"Nipe moja."

"Sina."

"Sina vipi? Naziona pale rafuni!"

"Zile zina wenyewe."

"Mimi na wewe tumejuana miaka mingapi? Nipe, nasema!"

Jirani aliacha bashasha yake. Aliegemea kaunta, akasema kwa sauti ya chini, "Miaka hiyo yote nimekuuzia mimi. Kila siku nakusikia ukikohoa hapo nyuma, nami najua fedha ya kikohozi hicho iko kwenye droo yangu. Nitukane ukitaka. Sikupi." Akamsukumia kibahasha cha karanga. "Tafuna hizi, urudi kazini."

Fundi alimtukana kweli. Kisha alitafuna karanga zote akiwa amesimama pale pale, na hamu ikapita kama gari lililokosa abiria.

Sisemi kwamba hakuteleza tena. Aliteleza. Alimwomba sigara mtu aliyekuja kuchukua kiatu, akavuta mara mbili, akaitupa. Jioni hiyo, kabla hajavua viatu, alimwambia mkewe, "Leo nimevuta. Nimeitupa, lakini nimevuta." Mkewe alikunja uso, akakunjua. "Umeniambia," alisema. "Kesho tunaendelea." Na kesho yake waliendelea. Dohani alishangaa jinsi kosa lililotajwa lilivyokuwa jepesi kuliko lile alilokuwa akilifukia kwa karafuu.

Siku ya kupimwa walikwenda wote, hata jirani alifunga duka, jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumza. Fundi alishika ile filimbi isiyolia kwa mikono miwili. Alivuta pumzi kwa pua, akaishikilia, akapuliza. Mkewe alimbana shemeji mkono bila kujua. Muuguzi alisoma namba, akasoma tena, kisha sauti yake ambayo haikuwahi kupanda ikapanda.

"Baba! Safi!"

Akapasuliwa kama ilivyopangwa. Alipozinduka, kifua kilimkereketa, akaogopa. Alishika mto tumboni kama alivyofundishwa, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo cha kawaida, cha mtu yeyote. Alijipapasa juu ya bandeji. Uzi ulikuwa umeshika. Dohani, ambaye hakulia siku ile sakafuni, alilia hapo, mkewe akamwacha alie.

Baadaye alirudi hospitali kukaguliwa kidonda, akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha maandalizi. Pembeni yake alikaa mwanamume wa makamo, dereva wa lori, pakiti ikimtuna mfukoni mwa shati. Mlango ulikuwa wazi, na muuguzi alikuwa akimuuliza dereva huyo kutoka mezani kwake, kwa sauti ile ya chini, nani atakayemsaidia nyumbani kuacha sigara.

"Mimi mwenyewe, sista," alijibu dereva akivuta mabega nyuma. "Mimi nikisema nimeacha, nimeacha."

Fundi Dohani alimgeukia. Hakumhubiria. Alinyosha kidole gumba kimoja, chenye madoa ya gundi, akakiweka mbele ya macho yake.

"Ndugu yangu, tuseme hapa pana chawa. Niulie kwa hiki kimoja."

Dereva alikitazama kidole, akacheka. "Ataponyoka."

"Ataponyoka. Mimi wangu aliponyoka mpaka karibu anile utumbo. Una mke?"

"Ninaye."

"Shemeji?"

"Tena wana midomo!"

"Hao ndio wanaotakiwa. Na anayekuuzia sigara, mnapatana?"

"Tunapatana sana."

"Basi mwambie kabla hujatoka na lori kesho. Atakunyima, utamtukana, na siku moja utamshukuru."

Dereva alitoa simu mfukoni, akaipita ile pakiti bila kuigusa, akapiga. "Mama watoto," alisema, "uko wapi? Njoo hospitali. Kuna jambo siliwezi peke yangu."

Muuguzi aliinua macho yake kutoka mezani, akamtazama fundi wa viatu, akatabasamu, akaandika "mke" kwenye nafasi ya wa pili. Hapo ndipo tunapoona kwamba wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa.